Mwaka wa Kupiga Sakafu

Siku hizi namba nisiyoijua ikinipigia, naiacha iite mpaka ichoke yenyewe. Wengi ni matapeli, na waliobaki ni watu wa kutoa habari za msiba. Asubuhi ile nilikuwa barazani kwangu hapa Kibiti nachagua mchele, miguu nimeinyoosha kwa sababu magoti yangu hayataki tena kukunjwa, na simu ikaita, ikakata, ikaita tena. Nilipoipokea, sauti ya kike ikasema, "Zena, bado unaunguza chapati upande mmoja?" Nikaweka ungo chini. Duniani yupo mtu mmoja tu aliyewahi kunisimanga kwa chapati hizo, na sauti yake sikuwa nimeisikia tangu nikiwa msichana. Alikuwa Kusum, binti wa Mzee Lalji aliyekuwa na duka Bungu. Amekuja kutoka Uingereza, amefikia Dar es Salaam, na anataka nimpeleke akaione Nyumba ya Likizo. Sikumwambia kwamba kwangu mimi safari ya Nyamisati sasa ni jambo la kulifikiria wiki nzima. Nilimwambia njoo. Kisha nikabaki na ule mchele mbele yangu, sichagui, sili, nimechoka kabla hata ya kuondoka.

Nyumba ya Likizo ndivyo ilivyoitwa na kila mtu, hata na wasiojua likizo ni kitu gani. Zamani wenye maduka wa huku kwetu, wale wenye asili ya India, walikuwa na desturi ya kwenda pwani miezi ya joto kupunga upepo, duka wakimwachia karani. Babu yake Kusum alikuwa mfanyabiashara wa boriti za mikoko, na alijijengea nyumba ya mawe na chokaa katika kijiji kidogo mbele ya Nyamisati, mahali ambapo maji ya mto yameshaanza kuwa na chumvi. Vyumba vyake vilikuwa virefu na vyembamba, maana boriti haiwezi kuvuka upana zaidi ya urefu wake, na mwenye nyumba alilala, alikula na alipokea wageni kwa kipimo cha mkoko. Ukutani kulikuwa na vishubaka vya taa na vya vitabu vya sala. Ngazi ya mawe ilipanda mpaka juu, kwenye paa la bapa ambalo sisi tuliliita sakafu, na huko juu ndiko familia nzima ilikokunywa chai jua likipungua makali. Zilikuwapo nyumba nyingine kadhaa za namna hiyo kwenye ufuo ule. Nilipofika mimi zilikuwa zimebaki kuta, watu wakichukua mawe kujengea vyoo, na ya Lalji peke yake ndiyo iliyokuwa na mtu wa kuihangaikia.

Mtu huyo alikuwa Kusum. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka kwenye ndoa isiyofika mbali, nayo sina hamu ya kuieleza hapa. Yeye alikuwa amepita thelathini, hajaolewa, amebaki na baba yake dukani Bungu. Alinichukua niwapikie mafundi. Siku ya kwanza alinionyesha jiko, akagawa sufuria mafungu mawili: zile ni zako, pika samaki, pika kamba, pika utakalo; hizi ni za baba, kitu chenye damu kisizikaribie. Asubuhi nilipika chai ya tangawizi na chapati zake nyembamba ambazo sikuzimudu kamwe. Mchana ugali na kamba wa mikono ya mto kwa mafundi, dengu na wali kwa Mzee. Harufu ya kamba ikizidi Kusum alitoka nje akasimama upande upepo unakotokea, akaniambia kwa upole kwamba hanilaumu, lakini naomba ufunike. Sijapata kuishi na mtu mwenye adabu ya kuchosha kama yeye.

Sababu ya haraka yote ile niliijulia dirishani. Kaka yake mkubwa alikuja kutoka Dar es Salaam, na wale watu wakiwa na siri walizungumza Kigujarati, ila wakigombana walihamia Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha waliyogombana kwayo tangu utotoni. Nilikuwa nasugua masufuria.

"Baba nakwenda naye Uingereza," kaka akasema. "Kifua kile na vumbi la Bungu, mnataka nimzike?"

"Dawa yake ni hewa ya hapa. Akiwa hapa halali akikohoa."

"Hapa wapi? Nyumba haina paa, Kusum! Vyumba viwili popo wamehamia."

"Nipe mpaka masika."

"Na mvua ikianza na hakuna paa?"

"Utamchukua. Sitasema neno."

Mzee Lalji mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti chake ukumbini, hatua chache tu kutoka kwao, akijifanya amesinzia. Nilimwona jicho moja li wazi. Aliniambia baadaye, katika zile siku alizokuwa akija jikoni kunisumbua kwa mazungumzo, kwamba hana ugomvi na Uingereza, watu wengi wamekufa huko salama, lakini yeye alizaliwa Bungu, na kila kitu kizuri alichokumbuka maishani kilitokea juu ya sakafu ile, pamoja na kumwona mke wake kwa mara ya kwanza. Alitaka kupanda ngazi ile tena akanywe chai juu. Basi. Nilimwambia si waezeke bati tu, yaishe? Akacheka mpaka akakohoa. "Zena, nikae juu ya bati mimi ni kuku?"

Fundi aliitwa Shomari, mtu wa Kilwa, mmoja wa wachache waliokuwa bado wanajua kuweka sakafu ya chokaa. Alijipaka manukato kabla ya kwenda kazini, na hakupenda kuulizwa swali kabla hajamaliza kujisifu. Kwa miezi kadhaa mawe ya matumbawe yaliletwa kwa mashua kutoka upande wa Mafia, yakapangwa juu ya magogo kwenye tanuri, yakachomwa, moshi ukatuingia hadi kwenye unga. Chokaa ikalowekwa shimoni, ikaachwa ilainike. Boriti zikapangwa, mawe membamba juu yake. Nikikumbuka sasa mwaka ule, nakumbuka zaidi uchovu. Nyumba ya zamani haina shukrani. Leo wameziba ukuta wa sebuleni, kesho wa chumbani umemwaga plasta yake yote kitandani kwa Mzee. Kusum alikonda. Jioni alikaa ngazini, mikono imepasuka kwa chokaa, akinitazama ninavyoponda vitunguu saumu, akasema, "Zena, nikiziba hapa, kule kunafunguka." Nikamwambia apumzike. Akasema atapumzika paa likikauka.

Hatua ya mwisho ndiyo iliyohitaji watu. Sakafu ya chokaa haimwagwi ikaachwa. Ikishatandazwa mbichi, na kokoto na udongo wake mwekundu, lazima ipigwe. Wanawake wanakaa kwa mistari juu yake, kila mmoja na kigongo kidogo cha mti, wanapiga taratibu wakirudi nyuma, wengine wananyunyiza maji, na kazi hiyo huenda siku kadhaa bila kuiacha ikauke, mpaka chokaa ishikamane na kutoa uso laini usiopitisha maji. Na hupigwa kwa nyimbo. Si kwa ajili ya raha tu. Bila wimbo kila mkono unakwenda na wake, huyu anapiga sana, yule anagusa, na paa linatoka na mabonde. Kijiji kizima cha wanawake kilikuja. Kiongozi wao alikuwa Bi. Tatu, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto, kungwi wa wasichana, asiyemwogopa mtu.

Siku ya kwanza ilikuwa sikukuu. Kusum, ambaye hajawahi kuonja nyama, alinunua mbuzi, nikapika pilau. Bi. Tatu alitunga wimbo wa kumdhihaki fundi, eti Shomari wa manukato, chokaa imekukataa, rudi kwa mama yako, na vigongo vyote vikashuka pamoja kwenye neno mama. Shomari alinuna mpaka saa ya chakula. Nami nilipanda juu kila sufuria iliponipa nafasi, nikapiga mpaka viganja vikatoa malengelenge. Chini yetu Mzee Lalji alikuwa kwenye kiti chake akigonga fimbo chini kufuata wimbo. Jua lilipopungua, nusu ya paa, upande wa mtoni, ilikuwa imekamilika, inang'aa. Tuliifunika kwa magunia mabichi. Nusu ya pili ilitandazwa alfajiri iliyofuata na tukaanza upya.

Tulikuwa tumepiga kidogo tu tulipomwona mwanamume anakuja na njia ya mnazini, kofia mkononi. Mtu akivua kofia hivyo huulizi. Alisimama chini ya ngazi akamwita Bi. Tatu kwa jina lake kamili. Mama yake Bi. Tatu, bibi kizee aliyekuwa amelala mgonjwa kwa muda mrefu, alikuwa amefariki asubuhi ile. Vigongo vilinyamaza kimoja baada ya kingine. Bi. Tatu aliinuka, akakung'uta chokaa kwenye kanga, akashuka, na wanawake wakaanza kuinuka kumfuata.

Shomari alikuwa wa kwanza kusema. "Jamani, msiache! Jua likipanda hii imekwisha."

"Fundi, una wazimu?" mmoja akamjibu. "Maiti iko ndani, sisi tuko juu tunaimba?"

Kusum alipanda mbio kutoka jikoni, mikono ina unga. "Basi pigeni bila kuimba. Nawaomba. Wabaki hata wachache. Imebaki nusu tu." Hakuna aliyekaa. Nilimwona anatazama ile chokaa mbichi, kisha anatazama migongo ya wale wanawake kwenye ngazi, na sura yake ikabadilika. Akapiga kelele, yeye aliyekuwa akinong'ona hata akimfukuza paka: "Maiti hana haraka! Chokaa ndiyo yenye haraka!"

Kila mtu alisikia. Bi. Tatu alisikia, alikuwa bado chini ya ngazi, akasimama kidogo, hakugeuka, akaendelea na safari yake. Nilitamani paa lile lifunguke linimeze. Mzee Lalji alitoka ukumbini akishika ukuta.

"Kusum. Shuka."

"Baba, ni paa lako!"

"Najua ni la nani. Shuka, mwanangu, ufunike kichwa. Tunakwenda msibani."

Alijua gharama ya kwenda kuliko sisi sote. Alikuwa amesikia yote, jicho moja wazi, siku ile kaka na dada walipopatana kuhusu masika. Tulikwenda. Jeneza lilipotolewa alilifuata na wanaume kwa mwendo wake wa kukohoa mpaka makaburini, na kwa kuwa si Mwislamu hakuingia. Alisimama kwenye mpaka, juani, amevua viatu, ameshika kimoja mkono huu na kingine mkono huu, mpaka udongo wa mwisho ulipomwagwa na dua ikasomwa. Walimletea kigoda, hakukikalia. Aliporudi alioga nje kwa ndoo kabla ya kuingia ndani, kama dini yake inavyotaka, na maji aliyaoga ya moto, maana Kusum aliyapasha huku akilia kwa hasira. Juu ya paa Shomari alikuwa amebaki peke yake anamwagia chokaa maji kwa kopo na kutukana. Alasiri nyufa zilianza kuonekana.

Matanga yalipoondolewa walirudi. Tuliwasikia kabla ya kuwaona. Wanawake wote wa kijiji, na mbele yao Bi. Tatu mwenyewe, macho yamevimba, kigongo mkononi. Wapo walionong'ona kwamba mfiwa hapaswi kuimba mapema hivyo. Hakuwajali.

"Tumekuja kumalizia," akasema.

Shomari akaweka mikono kichwani. "Mnamalizia nini, Bi. Tatu? Imeshakauka hiyo! Mkiipiga sasa mnaipasua."

"Mzee amesimama juani kwa ajili ya mama yangu, hali hawezi kusimama hata kivulini. Nimwachie paa nusu? Wewe tupishe."

Shomari akamgeukia Mzee Lalji. "Mzee, wataivunja."

"Nimekusikia, fundi."

"Itavunjika yote, nakwambia!"

"Nimekusikia. Waache."

Wakapanda. Wakaimba na wakapiga, kwa nguvu zao zote, kwa mapenzi yao yote, na kila kigongo kiliposhuka vumbi jeupe lilidondoka kati ya boriti. Mzee Lalji aliketi chini yao na kikombe chake. Vumbi lilimwangukia kichwani na kwenye chai, naye akainywa hivyo hivyo, na fimbo yake ikafuata wimbo. Kusum alikuwa jikoni kwangu akikanda unga usiokuwa na mpango wowote. "Wananivunjia nyumba, Zena," akasema. "Wananivunjia nyumba, na wanaimba." Nilikuwa nawapikia uji.

Bi. Tatu alisafiri na mumewe kwenda kuishi Mafia kabla ya mvua. Aliondoka akijua amelipa. Masika yakaja mapema, na ule upande wa pili ulipitisha maji kama ungo wangu huu, halafu kipande kikaangukia ukumbini, pale pale penye kiti, kwa bahati Mzee akiwa kitandani na homa. Kaka alikuja na gari. Kusum, kama alivyoahidi, hakusema neno. Walimbeba Mzee mpaka garini amefungwa blanketi, naye akaniambia nisipike chapati tena maishani, niwahurumie watu. Waliondoka wote wawili, baba na binti. Habari ya kifo cha Mzee ilitufikia kupitia dukani, mwaka uliofuata.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini mwaka ule umekaa ndani yangu kuliko miaka niliyozaa na kuzika. Labda ni kwa sababu ndipo nilipojifunza kuchoka kwa ajili ya kitu kisichokuwa changu. Baada ya hapo nilichoka kwa mambo mengi, watoto, mume wa pili, mgahawa wangu wa Kibiti, lakini yale yalikuwa yangu, na mtu huzoea.

Kusum alikuja na gari la kukodi. Tulitazamana, vikongwe wawili, tukacheka kwanza kisha tukalia, kisha tukapanda. Kufika kule alishuka polepole akaizunguka nyumba. Ukumbi uko wazi juu, mpapai umeota ndani. Upande wa mtoni, ile nusu ya siku ya kwanza, paa bado lipo, laini, halina hata ufa. Nilimwacha alitazame. Mpwa wake, akaniambia, anataka kuifanya nyumba ya wageni, amwage zege, apige rangi. Alimwomba aje aone kama inafaa. "Sijui nimjibu nini. Zamani ningeng'ang'ana. Sasa sina nguvu, Zena, hata ya kukataa."

Tulikaa kwenye ngazi, yeye juu, mimi chini kwa ajili ya magoti. Ndipo aliponieleza mazishi ya baba yake. Kule wanachoma miili kwenye jengo, kwa zamu, kila familia na saa yake. Watu walikuwa wachache, baridi kali. Kaka yake alianza kusoma sala, na kabla hajafika katikati mtu wa pale akaja taratibu, kwa heshima kabisa, akawaambia wafupishe, wengine wanasubiri mlangoni.

"Alitazama saa yake," Kusum akasema. "Nikasikia sauti yangu mwenyewe. Nilisikia lile neno langu, kama nalipiga kelele pale pale." Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Bi. Tatu yuko hai?"

Yuko hai. Aliletwa kutoka Mafia alipopofuka, anakaa kwa bintiye Bungu, nyuma ya lilipokuwa duka la Lalji. Tulimkuta mkekani ameegemea ukuta, mdogo, kanga imemzidi.

"Shikamoo, Bi. Tatu. Ni Zena. Nimekuja na Kusum wa Mzee Lalji."

"Marahaba. Kusum yupi? Yule mwenye kunong'ona?" Akanyoosha mkono hewani mpaka Kusum akaushika na kukaa chini. Binti akaleta chai.

"Bi. Tatu," Kusum akaanza, "siku ile ya msiba wa mama nilisema neno. Nimekuja—"

"Siku ya msiba yalisemwa mengi, mwanangu. Mimi nakumbuka baba yako na viatu mkononi." Aliupapasa mkono wa Kusum, akatikisa kichwa. "Ewe, hebu nambie. Nimekuwa nikitaka kuuliza miaka yote, na kila ninayemuuliza anabadili mazungumzo. Lile paa letu lilikauka?"

Binti yake alisimama mlangoni na sinia, akatazama pembeni. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia, na mimi nilikuwa mmoja wao. Kusum alinitazama. Kisha akainama karibu na sikio la kikongwe yule.

"Lilikauka, mama."

"Halikuvuja?"

"Hata tone. Baba alikunywa chai yake juu kila jioni."

Bi. Tatu alicheka, akapiga paja lake kwa kiganja. "Si niliwaambia! Na yule Shomari, eti tunalivunja."

"Shomari alikuwa na kelele tu," nikasema, nikasogeza chai karibu na mkono wake.